Kuhakikisha Habari Katika Chanjo ya Watoto

Ndugu Waislamu, mwaka 2003, katika jimbo la Kano nchini Nijeria, ulienea uvumi kwamba matone ya chanjo ya polio huwafanya watoto kuwa tasa. Chanjo ikasimamishwa, na watoto wakapooza. Wazazi walihitaji kujibiwa, si kukemewa: dawa ikapimwa, ikaletwa iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu wengi, na mwaka 2004 chanjo ikarejea. Lakini maradhi yalikwisha vuka mipaka. Mwaka 2005 yakafika Indonesia yenyewe.

Sura ya Hujurat, aya ya 6, yatuamuru kuhakikisha habari, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Basi mwenye shaka na aulize, naye aulizwaye na ajibu kwa upole. Mtoto ni amana; mguu ukisha kupooza, majuto hayaunyanyui. Wabillahi taufiq.