Fahamu: Kwa nini usukani hutetemeka gari likishika kasi
Subaru Impreza WRX imetulia mjini, lakini ikifika kilomita 100 kwa saa usukani unatetemeka. Wengi hukimbilia alaimenti. Alaimenti mbovu huvuta gari upande na kula tairi. Mtetemo wa kasi mara nyingi ni balansi, na kipande cha uzito cha gramu chache kilichodondoka kutoka kwenye rimu kinatosha. Kiti ndicho kinachotetemeka? Anza na magurudumu ya nyuma.

Balansi ikifanywa na hali isibadilike, tazama rimu, kama ulizibadilisha. Kitovu cha habu ya Impreza kina kipenyo cha milimita 56.1, rimu nyingi za dukani zina tundu la 73.1. Bila pete ya kuziba nafasi hiyo, gurudumu linaweza kufungwa nje ya katikati, hata nati zikikazwa vizuri.