Usiilaumu Betri Kabla ya Kuipima

Mara nyingi asubuhi twaona motokaa ikisukumwa na watu wanne au watano, huku dereva ameshika usukani na kuwahimiza. Injini ikiisha kunguruma, kila mtu husema, "Betri imekufa." Siku hiyo hiyo mwenye motokaa hutoa fedha akanunua betri mpya. Baada ya siku tatu motokaa inasukumwa tena, na betri mpya imo ndani yake! Fedha imekwenda, labda ya karo ya mtoto, na ugonjwa wenyewe haujaguswa.

Nia ya makala hii ni kuonyesha kwamba betri mara nyingi husingiziwa. Mtu mwenye subira na mita ya volti, kama zile tunazotumia katika chumba cha Fizikia, aweza kumjua mkosaji kabla ya kutoa hata senti moja.

KISIMA NA MTUNGI

Kwanza yafaa tujue nani hufanya kazi gani. Betri ni mtungi, na altaneta ndiyo kisima. Betri huzungusha starta ili injini iwake, basi. Injini ikiisha kuwaka, mkanda wa mpira huizungusha altaneta, nayo hulisha taa, feni na vinginevyo, na kuujaza mtungi uliopungua.

Ndani ya altaneta mna sumaku ya umeme inayozunguka katikati ya nyaya. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku ikienda karibu na waya huzaa umeme. Lakini umeme huu huenda mbele na kurudi nyuma, na betri yataka umeme wa upande mmoja. Kwa hiyo mna dayodi, ambazo ni kama milango inayofunguka upande mmoja tu. Tena kuna regyuleta, ambayo kazi yake ni kuzuia volti zisizidi kiasi.

Motokaa za zamani zilikuwa na dainamo, ambayo haikuchaji vema injini ilipozunguka polepole. Mwaka 1960 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilianza kutia altaneta katika motokaa yake iitwayo Valiant, na makampuni mengine yakafuata.

HATARI YAKE

Altaneta ikinyamaza, motokaa haisimami mara moja. Huendelea kwa akiba ya mtungi, na hapo ndipo penye hatari. Tufanye hesabu. Taa mbili kubwa za mbele, kila moja wati 55, hutumia wati 110. Tukigawanya kwa volti 12 twapata ampea 9 hivi. Ongeza taa za nyuma, feni, na umeme wa injini yenyewe, tuseme jumla ni ampea 20. Betri ya ampea-saa 60 yaweza kutoa ampea 20 kwa saa 3. Kwa kweli muda huwa mfupi zaidi, kwa sababu taa hufifia na injini ya petroli huzimika kabla betri haijakauka. Lori la zamani la dizeli laweza kuendelea kwenda hata taa zikizimika, na gari zito lisilo na taa usiku ni msiba unaotafuta mahali pa kutokea.

JINSI YA KUMTAFUTA MKOSAJI

Tarakimu zifuatazo ni za motokaa yenye betri ya volti 12.

Kwanza, tumia macho. Injini ikiwa imezimwa, utazame mkanda. Ukiwa umelegea huteleza, na mara nyingine hupiga yowe taa zinapowashwa. Kisha tazama vichwa vya betri. Vikiwa na unga mweupe au wa kijani, fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Visugue mpaka ving'ae, na wakati wa kurudisha, waya wa hasi uwe wa mwisho. Baada ya hapo geuza ufunguo bila kuwasha injini. Taa ndogo yenye picha ya betri iwake. Na injini ikiwaka, izimike. Isipowaka kabisa, usifurahi. Katika motokaa nyingi altaneta hupata umeme wa kuanzia kazi kwa kupitia globu hiyo, na globu ndogo iliyoungua yatosha kuifanya isichaji.

Pili, pima betri iliyopumzika saa kadhaa. Volti 12.6 maana yake imejaa, 12.2 ni kama nusu, 12.0 au chini yake ni karibu tupu. Lakini angalia, kipimo hiki chaonyesha mtungi umepungua tu. Hakisemi aliyeupunguza ni nani.

Tatu, washa injini, upime tena pale pale kwenye betri. Ukiona kati ya volti 13.8 na 14.5, kisima kinatoa maji. Washa taa kubwa na feni; volti zikishuka kidogo si neno, lakini zisishuke chini ya 13. Ukiona 12.3 na inazidi kupungua, betri haichajiwi. Ukiona zaidi ya 15, yaelekea regyuleta haizuii tena, na maji ya betri yatachemka. Motokaa za siku hizi ambazo kompyuta yake hutawala chaji zaweza kuonyesha tarakimu tofauti, kwa hiyo soma kitabu cha motokaa yenyewe.

Nne, ikague njia. Tuseme kwenye altaneta mita yasoma 14.2, na kwenye betri yasoma 12.7. Volti 1.5 zimepotelea wapi? Hapa kanuni ya Ohm tuliyofundishwa darasani yatusaidia. Ikiwa ampea 30 zapita katika kiungo chenye kutu, na ukinzani wake ni omu 0.05 tu, basi 30 mara 0.05 ni volti 1.5. Kutu kidogo namna hiyo humnyang'anya betri chakula chake chote, na kiungo hupata moto. Ukaguzi huo ufanywe pia upande wa hasi, kwenye waya unaounga betri na injini na bodi.

Tano, ikiwa chaji ni njema lakini kila asubuhi betri ni dhaifu, kuna mambo mawili: ama betri ni nzee haishiki chaji, ama kuna kitu kinachoiba usiku, kama taa ya buti isiyozimika. Ijaze betri, ifungue waya wa hasi, iache ilale, upime asubuhi. Ikiwa bado ina nguvu, mwizi yumo ndani ya motokaa. Ikiwa imeshuka yenyewe, basi sasa ndipo uilaumu betri, na fedha ya betri mpya haitapotea.

ONYO

Watu wengine hupima altaneta kwa kung'oa waya wa betri injini ikiwa inazunguka. Injini isipozimika, husema altaneta ni nzima. Desturi hiyo ni ya siku za dainamo, na haifai sasa. Betri ikiondolewa ghafula, volti hupanda juu mno na zaweza kuunguza dayodi na kompyuta ya motokaa. Kosa la sekunde moja hugharimu kuliko betri. Tena betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka. Usisogeze sigara wala kibiriti. Nguo zisizobana na nywele ndefu ziwe mbali na mkanda na feni.

Si kila mtu atakuwa fundi, wala haihitajiwi. Mkosaji akiwa ni altaneta, kuifungua na kubadili brashi zake au dayodi ni kazi ya fundi wa umeme wa motokaa. Lakini mzazi akimwendea fundi na kumwambia, "Imelala 12.1, ikiwaka ni 12.3, na mkanda haukulegea," fundi hupata mahali pa kuanzia, na mzazi hujua analipia nini. Mwanafunzi aliyesoma Fizikia aweza kumpatia mzazi wake tarakimu hizo kwa dakika kumi.