Yoga kwa Wazee: Usimkalishe Nyanya Siku Nzima

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii, na leo ninazungumza na wewe mama, au mlezi, unayeishi na mzee nyumbani.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mama yangu alipofika miaka 68 nilimwambia, "Mama, umefanya kazi ya kutosha. Keti upumzike." Nikamnyang'anya ufagio. Hata maji ya kunywa nikawa namletea pale alipoketi. Baada ya miezi michache hakuweza kuinuka kwenye kochi bila kuvutwa mkono. Nilidhani ninamtunza, kumbe ninamdhoofisha. Misuli ya mapaja isipotumika hupungua, na mzee asiye na nguvu za miguu huanguka kwa urahisi. Mfupa wa nyonga ukivunjika uzeeni, wengi hawatembei tena kama zamani.

Ndipo tukaanza yoga, pale pale nyumbani, kwa kutumia kiti.

Yoga ni nini? Ni mazoezi yaliyoanza India tangu zamani sana. Mtu hunyoosha viungo polepole huku akifuata pumzi yake. Pengine utauliza, "Je, hiyo si ibada?" Ni kweli kwamba huko ilikoanzia yoga imefungamana na dini. Lakini watu wa imani nyingi huifanya kama mazoezi ya mwili tu. Kama jina linakusumbua, liache. Mama yangu husema "ninanyoosha mifupa," na yanamfaa vile vile.

Tafuta kiti imara kisicho na magurudumu, ukiegemeze ukutani. Mzee asivae soksi, na usitandike leso sakafuni, kwani huteleza. Wewe simama karibu naye.

Kwanza, pumzi. Aketi wima, nyayo zote mbili zikanyage chini. Avute pumzi kwa pua ukihesabu hadi 3, kisha aitoe polepole. Arudie mara 5.

Pili, mikono. Akivuta pumzi ainue mikono hadi pale inapofika bila maumivu. Akitoa pumzi aishushe. Mara 5.

Tatu, kuinuka. Asogee mbele kidogo kitini, ainame kifua mbele, asimame, kisha aketi polepole bila kujibwaga. Mwanzoni ajisaidie kwa mikono. Mara 5. Hili ndilo zoezi linalomwezesha kwenda chooni bila kusaidiwa.

Nne, kusimama kama mti. Ashike meza nzito, ainue mguu mmoja kidogo tu kutoka sakafuni, uhesabu hadi 5, kisha abadilishe mguu.

Yote huchukua kama dakika 10. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mtu wa miaka 65 na zaidi afanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku 3 au zaidi kwa wiki. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa tahadhari. Mzee mwenye presha asizuie pumzi, wala asiinamishe kichwa chini ya kifua. Mwenye ugonjwa wa presha ya macho pia asiinamishe kichwa. Ambaye mifupa yake ni dhaifu asijipinde mgongo kwa nguvu. Ikiwa ana ugonjwa wa moyo, amewahi kuvunjika au alifanyiwa upasuaji, aulize kliniki kwanza. Akihisi kizunguzungu, maumivu ya kifua au kukosa pumzi, aache mara moja na aketi. Maumivu ya kifua yasipoisha, mpelekeni hospitali bila kukawia. Na tafadhali, dawa za presha na sukari ziendelee. Yoga haichukui nafasi ya dawa.

Mama yangu sasa huinuka mwenyewe. Hakimbii, na goti bado humuuma wakati wa baridi, lakini ufagio nilimrudishia.

Basi leo jioni, kabla hujamletea nyanya chai, mwombe ainuke kitini mwenyewe huku ukiwa kando yake. Ukiona anatatizika, hapo ndipo pa kuanzia.

Hadi wiki ijayo, tunzaneni. Kwaherini.