Pima Kwanza, Ndipo Ununue Nozeli

Injini ikitetemeka gari likiwa limesimama, ikatoa moshi na kula mafuta kupita kawaida, lawama ya kwanza huiangukia nozeli. Mara nyingi inaonewa. Plagi iliyochoka au koili mbovu kwenye injini ya petroli, au filta iliyoziba, huleta dalili kama hizo, tena kuzirekebisha ni gharama ndogo. Katika dizeli za kisasa, nozeli hupuliza mafuta kwa shinikizo linaloweza kuzidi bar 1,500, kupitia vitundu vya takriban sehemu ya kumi ya milimita. Maji au vumbi kidogo huiharibu. Kwa hiyo filta halisi inayobadilishwa kwa wakati ndiyo matunzo yenyewe.

Wapo wanaosema dawa ya kumimina kwenye tangi inatosha. Huyeyusha utando mwepesi, lakini sindano ya nozeli iliyolika haiponi. Wengine hushauri nozeli zibadilishwe zote, yaishe. Ushauri huo una maana zikiwa zimechakaa pamoja. Vinginevyo, kwenye dizeli, kipimo cha mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli kitamtaja mkosaji. Mpya ikifungwa kwenye dizeli, ivae washa mpya ya shaba, na katika nyingi za kisasa namba yake ya urekebishaji iingizwe katika kompyuta ya injini, hatua ambayo mafundi wa haraka huiruka.