Mgonjwa Akiruhusiwa Nyumbani, Nani Anafanya Kazi Gani?

Mzee aliyepatwa na kiharusi, au mama mwenye saratani ya umio, ugonjwa unaosumbua sana sehemu za Meru, akiruhusiwa kutoka hospitalini, familia yake hupewa dawa, karatasi ya kuruhusiwa na tarehe ya kurudi kliniki. Mara nyingi haipewi kitu cha nne, ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachoamua kama mgonjwa ataishi kwa utulivu au kwa mateso: mgawanyo wa kazi uliotamkwa wazi. Nani atamgeuza usiku? Nani ataangalia mpira wa mkojo? Maumivu yakizidi saa tisa usiku, nani atapigiwa simu? Maswali haya yakiachwa hewani, huduma ya nyumbani huvunjika hata pale ambapo dawa zipo na mgonjwa anapendwa sana.

Kazi zenyewe ni za watu watatu tofauti. Kuna kazi za mtaalamu: kubadilisha mpira wa mkojo au ule wa kulishia kupitia puani, kusafisha kidonda kirefu, kudunga sindano, kurekebisha kiwango cha dawa. Hizi ni za muuguzi au afisa wa kliniki mwenye leseni, na familia inayomlipa mtu binafsi ina haki ya kuomba kuiona leseni hiyo; ya muuguzi hutolewa na Baraza la Wauguzi la Kenya. Mwenye cheti cha mafunzo mafupi ya kutunza wagonjwa anaweza kuwa hodari wa kuosha na kulisha, lakini asiachiwe sindano. Kisha kuna mhamasishaji wa afya ya jamii. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji zaidi ya 100,000 kote nchini, kila mmoja akihudumia kaya zipatazo 100, wakiwa na mikoba yenye vifaa vya kupima shinikizo la damu, sukari na joto la mwili. Yeye hatibu kiharusi wala saratani. Hupima, hugundua dalili mbaya mapema na kumwelekeza mgonjwa kituoni. Saa nyingi zaidi huwa za familia: kumgeuza asiyejiweza kila baada ya saa mbili hivi ili ngozi ya kiunoni na visiginoni isichubuke, kumwinua kifua anapokula na kumwacha ameketi kwa muda ili chakula kisiteremke mapafuni, kufuatilia saa za dawa, kutazama kama mkojo umepungua au umebadilika rangi. Hakuna anayezaliwa akiyajua haya. Hufundishwa, na mahali pa kuyafundishia ni wodini, siku chache kabla ya kuruhusiwa, anayeuguza akiyatenda kwa mikono yake huku muuguzi akimwangalia.

Mpango wa namna hii si ndoto iliyoletwa na wageni. Eneo hili la Mlima Kenya liliwahi kuonyesha nchi nzima kwamba huduma inayofika mlangoni hubadili mambo. Hospitali ya Chogoria, ambayo leo iko Tharaka Nithi, ilipeleka elimu ya afya na upangaji uzazi vijijini kupitia zahanati ndogo na watu wa kujitolea, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 kiwango cha wanaotumia njia za kupanga uzazi huko kilikuwa zaidi ya mara mbili ya kile cha taifa. Katika miaka ya UKIMWI, kabla dawa hazijaenea, wagonjwa wengi sana waliuguzwa majumbani na jamaa zao pamoja na watu wa kujitolea. Juni 2020, vitanda vilipohofiwa kuisha kwa sababu ya korona, Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kuwatunza nyumbani wenye dalili ndogo au wasio na dalili. Uganda ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2004 iliruhusu kisheria wauguzi na maafisa wa kliniki waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini ya kunywa, ili mgonjwa wa kijijini asisubiri daktari wa mjini.

Hapo kwenye mofini ndipo pingamizi ya kwanza huzuka. Wengi huogopa kwamba dawa hiyo itamfanya mgonjwa mraibu au itaharakisha kifo. Mofini ya maji, ikitolewa kwa kipimo na kuongezwa polepole kulingana na maumivu, ni dawa ya kawaida ya maumivu makali ya saratani, na uraibu ni nadra kwa mgonjwa anayefuatiliwa vizuri. Kinachomtesa hasa ni tumbo kufunga, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo huandikwa pamoja nayo. Meru Hospice mjini Meru na Hospitali ya Methodist ya Maua kule Igembe zina ujuzi wa tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya mgonjwa na kuishika mkono familia yake. Tiba hii haingojei siku za mwisho. Familia inaweza kuiuliza siku ile ile saratani inapothibitishwa, matibabu mengine yakiendelea.

Pingamizi ya pili ni nzito, nami siikwepi: kwamba huduma ya nyumbani ni njia ya serikali kujitua mzigo na kumtwika binti au mke wa nyumbani. Ni kweli mzigo humwangukia mwanamke mmoja, ambaye huacha kibanda sokoni au shamba la chai. Ni kweli pia kwamba posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi ya mhamasishaji, ambayo serikali kuu na kaunti hugawana kulipa, ni ndogo mno kwa kazi anayoifanya. Na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hulipa vituo vilivyoingia mkataba nayo, kwa hiyo muuguzi binafsi anayekuja nyumbani hulipwa kutoka mfukoni. Lakini kumweka mgonjwa wodini bila sababu ya kitabibu hakumpumzishi binti huyo. Humwongezea nauli ya kila siku kutoka Maua au Mitunguu, bili ya kitanda na hatari ya mgonjwa kuambukizwa maradhi ya wodini. Kinachompumzisha ni zamu: ndugu wa kiume wapangiwe usiku wao kama wanavyopangiwa michango ya harambee, na muuguzi aje kwa siku inayojulikana.

Wapo pia wanaosema hospitali ni salama zaidi daima. Kwa dalili fulani wako sahihi, na familia izijue kabla ya kutoka: homa kali, kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa ghafla, degedege, mkojo kukauka, kidonda kinachonuka. Hapo mgonjwa arudishwe mara moja. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, omba uandikiwe majina matatu kwenye ile karatasi ya kuruhusiwa: la muuguzi wa kupigiwa simu, la mhamasishaji wa kijiji chako na la jamaa wa zamu, kila jina na kazi yake. Na kaunti inapoita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, ulizeni ni pesa ngapi zimetengewa mafuta ya gari na mofini ya timu ya tiba shufaa, kwa sababu muuguzi asiye na usafiri hawezi kumfikia mgonjwa wa Igembe, hata awe na ujuzi gani.