Rangi Haikubali Kupungua

Je, wajua kwamba Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 inaweza kuegeshwa juu ya daftari? Si ile yenyewe iliyoendeshwa na Edgar Herrmann na mwenzake Hans Schüller katika matope na vumbi la Afrika Mashariki, bali pacha wake wa plastiki. Kampuni ya Hasegawa ya Japani imeitoa ikiwa vipande vipande ndani ya boksi: bodi, rimu, viti, dashibodi, vioo, taa, na karatasi ya stika zenye namba 11 ya mashindano. Mnunuzi ndiye anayeunganisha, na ndiye anayepaka rangi: bodi nyekundu, boneti nyeusi. Likikamilika, gari lote halizidi sana sentimita 17.

Magari ya kuunganisha yana wapenzi wengi Japani, Ulaya na Marekani. Wakikutana, huonyeshana mambo mawili: maboksi waliyonunua karibuni, na hatua waliyofikia katika kupaka rangi. Hayo mawili hayaendi kwa mwendo mmoja. Boksi hununuliwa kwa dakika chache, ilhali rangi huchukua wiki kadhaa, ndiyo maana kwenye rafu za wengi maboksi yaliyofungwa huyashinda kwa idadi magari yaliyokamilika. Uvivu unachangia, lakini kuna sababu ya kisayansi pia. Gari unaweza kulipunguza mara 24. Rangi, vumbi na unyevu wa hewa havipunguziki.

Hesabu ya moja kwa 24

Skeli ya 1:24 ilitokana na vipimo vya Kiingereza: kila futi moja ya gari halisi inakuwa nusu inchi kwenye modeli. Viwanda vya Marekani vilipendelea zaidi 1:25. Kwa macho tofauti ni ndogo, lakini ukijaribu kuhamisha injini ya skeli moja kwenye gari la skeli nyingine utaiona mara moja.

Urefu ukigawanywa kwa 24, eneo la bodi hugawanywa kwa 576, na ujazo kwa 13,824. Kwa hiyo gari halisi la kilo 1,000, lingepunguzwa hivyo bila kubadilishwa chuma chake, lingebaki na gramu 72 tu.

Kutoka kwa wauza magari hadi mezani

Baada ya Vita Kuu ya Pili, viwanda vya magari vya Detroit vilihitaji modeli ndogo za kuwaonyesha wateja magari ya mwaka mpya. Kampuni ya AMT, iliyoanzishwa Michigan mwaka 1948, ilikuwa miongoni mwa walioziunda. Modeli za mwanzo zilitengenezwa kwa plastiki ya asetati, ambayo baada ya miaka michache ilijikunja, bodi ikapinda katikati na bampa zikaning'inia. Polistireni ndiyo iliyoleta utulivu. Mwaka 1958 AMT ilianza kuuza magari hayo yakiwa vipande, katika boksi moja lenye chaguo tatu: gari kama lilivyotoka kiwandani, gari lililorembwa, au gari la mashindano.

Kwa Wajapani, kitovu ni mkoa wa Shizuoka, wenye makao ya Tamiya, Hasegawa, Aoshima na Fujimi. Tamiya ilianza mwaka 1946 kama kampuni ya mbao, na modeli zake za kwanza zilikuwa za mbao pia. Ilipotaka kutengeneza modeli ya Porsche 934, iliyotoka mwaka 1976, Shunsaku Tamiya wa kampuni hiyo alinunua Porsche 911 halisi, wahandisi wakaifungua hadi vipuri vya ndani ili wajue kila kitu kinakaa wapi.

Plastiki yenyewe huyeyushwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi na kusukumwa kwa shinikizo kubwa ndani ya kalibu ya chuma. Kalibu nzuri hudumu miongo mingi, ndiyo maana boksi jipya dukani linaweza kuwa na gari lililochongwa kabla mnunuzi hajazaliwa. Gundi ya kazi hii nayo haigandishi kama gundi ya karatasi. Huyeyusha kingo za vipande viwili, zikachanganyika, kisha kimiminika kikavukiza na kuacha kipande kimoja.

Unene unaofichua kila kitu

Rangi yote ya gari halisi, kuanzia praima hadi vanishi, ina unene wa takriban milimita 0.1. Kwa skeli ya 1:24, modeli ingestahili rangi ya milimita 0.004, unene ambao hakuna fundi anayeweza kuupuliza na bado rangi ikafunika. Akipuliza praima, rangi na vanishi kwa kawaida, anaweza kufikia milimita 0.1 ileile. Ni sawa na gari halisi lililovikwa rangi ya milimita 2.4.

Adhabu yake huonekana kwenye milango. Mwanya kati ya mlango na bodi, ambao kwenye gari halisi ni kama milimita 4, kwenye modeli ni milimita 0.17. Rangi ikikaa milimita 0.05 kila upande, zaidi ya nusu ya mwanya imejaa, na mlango unaonekana kama umechorwa. Kwa hiyo wazoefu huchimba mianya hiyo kwa ncha ya chuma kabla ya kugusa rangi. Kisha huosha bodi kwa maji na sabuni kuondoa mafuta ya kiwandani na ya vidole, hupiga msasa alama za kalibu, hupuliza praima, na ndipo hupita na rangi mara kadhaa kwa tabaka nyembamba.

Rangi za kung'aa zina mtego wake. Mng'ao hutokana na vipande vidogo vya alumini. Kipande cha milimita 0.03 hakionekani kwenye bodi ya gari la barabarani. Kwenye modeli ni sawa na kipande cha milimita 0.7 kwenye gari halisi, na bodi nzima huonekana imenyunyiziwa pambo la sherehe. Watengenezaji wa rangi za modeli hulazimika kuzisaga chembe hizo ziwe laini zaidi.

Nyekundu ya Datsun ina tatizo jingine: haifuniki vizuri. Mwanga hupenya hadi chini na kurudi na rangi ya praima. Juu ya praima ya kijivu nyekundu hufifia, juu ya nyeupe huchangamka, na juu ya waridi hukolea.

Masika na bunduki ya rangi

Anayepuliza karibu mno huona rangi ikitiririka. Anayepuliza mbali mno hufanya matone yakauke njiani, yatue yakiwa nusu vumbi, na bodi itoke na ngozi ya chungwa. Bora kujaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki, chenye mikunjo kama ya bodi na bei isiyouma.

Adui mkubwa zaidi ni unyevu. Thina, kimiminika cha kuzimulia rangi, ikivukiza haraka huchukua joto la uso wa bodi. Uso ukipoa kupita kiasi, mvuke wa hewani hugeuka maji juu ya rangi ambayo bado ni mbichi, na huacha utando mweupe. Wapuliziaji wa gereji za Mombasa na Dar es Salaam wanazijua hila za hewa ya masika. Dawa ni kusubiri siku kavu, au kutumia thina inayokauka polepole. Na iwe gari kubwa au dogo, madirisha yawe wazi na barakoa ya kuchuja kemikali iwe usoni, kwa sababu mvuke wa thina haupungui kwa kuwa gari ni dogo.

Vumbi la Safari

Herrmann, mkazi wa Kenya mzaliwa wa Ujerumani, alishinda Safari Rally mwaka 1970, na tena mwaka 1971 kwa 240Z. Mwaka 1973, 240Z ilishinda tena, safari hii mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye baadaye alifikisha ushindi wa Safari mara tano. Gari la mbio hizo likikaa safi mezani linasema uongo, hivyo wengi hulichafua makusudi. Lakini udongo halisi wa Kenya haufai. Punje ya mchanga ya nusu milimita ingekuwa jiwe la milimita 12 lililonasa kwenye mlango. Wanachotumia ni chaki ya rangi au poda ya rangi iliyosagwa laini sana, ikapakwa kwa brashi kuanzia matairi kwenda juu, kwa sababu ndivyo gurudumu linavyorusha vumbi.

Kama unataka kuanza, nunua boksi moja tu, na lile la pili usilinunue mpaka la kwanza limepata vanishi na kukauka. Rangi huharakishwa na wengi, na hakuna aliyewahi kuishinda kwa haraka.