KIJIJI KILICHO CHINI YA ZIWA



Mara nyingi tunapozungumza habari za Uingereza, tunataja London, wafalme, viwanda na meli. Leo twende pamoja mpaka mahali ambapo ramani ya siku hizi haionyeshi nyumba hata moja, bali maji matupu. Chini ya maji hayo watu walizaliwa, walifundishwa kusoma, walioana na kuzikwa. Wengi wamesahau majina ya miji mikubwa iliyo jirani, lakini jina la bonde lile halijasahauliwa. Kwa nini? Hilo ndilo tunalotaka kueleza.

Kisiwa cha Britania si cha taifa moja tu. Wako Waingereza, na upande wa kaskazini wako Waskoti. Magharibi, katika nchi ya milima na mvua nyingi, wako watu wa Wales. Hao wana lugha yao wenyewe, Kiwelisi, ambayo ilisemwa kisiwani kabla Kiingereza hakijafika. Kaskazini mwa Wales, karibu na mji mdogo wa Bala, mto Tryweryn unashuka kutoka milimani. Kando ya mto huo palikuwa na kijiji cha Capel Celyn. Wenyewe hutamka Kapel Kelin. Maana yake ni kanisa la mti wa celyn, yaani ule mti wa majani mabichi yenye miiba, ambao watu wa Ulaya hupambia nyumba zao siku za Noeli.

Hakikuwa kijiji kikubwa. Palikuwa na kanisa dogo la Wametodisti, shule, posta, makaburi, na nyumba za wafugaji zilizotawanyika bondeni. Karibu watu wote walisema Kiwelisi nyumbani, shuleni na kanisani. Kuimba na kutunga mashairi kulikuwa chakula chao cha jioni. Tena bonde lilikuwa na kumbukumbu za kale. Katika shamba moja, liitwalo Hafod Fadog, walikuwa wakikutana zamani Wakristo waitwao Waquaker, siku walizoteswa kwa ajili ya imani yao. Wengi wa jamaa hiyo walivuka bahari, wakaenda Pennsylvania katika Marekani.

MJI WENYE KIU

Ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Uingereza yenyewe, uko mji wa Liverpool, bandari kubwa yenye watu wengi. Mji huo ulikuwa umezoea kutafuta maji katika milima ya Wales. Katika miaka ya 1880 ulijenga ukuta mkubwa katika bonde la mto Vyrnwy, na kijiji cha Llanwddyn kikafunikwa na maji. Baada ya vita ya 1939–1945 wakubwa wa mji waliona kwamba maji yale hayatoshi tena. Nyumba mpya zilikuwa zikijengwa, na viwanda vilitaka maji. Basi wakachagua bonde la Tryweryn.

Tuseme kweli: kiu ya Liverpool haikuwa ya uongo. Mama wa mjini anahitaji maji ya kupikia na ya kuoshea watoto wake, kama vile mama wa kijijini. Ubaya ulikuwa katika njia waliyoifuata. Watu wa Capel Celyn hawakuulizwa kwanza. Habari za kuhamishwa kwao walizipata katika magazeti, mwezi wa Desemba 1955. Mtu akisoma gazetini kwamba nyumba ya baba yake itakuwa sakafu ya ziwa, moyo wake utakuwaje?

Mwaka 1956 waliunda kamati ya kutetea kijiji. Karani wake alikuwa Elizabeth Watkin Jones, binti wa mshairi wa bonde lile. Aliandika barua nyingi kwa wakubwa na kwa vyama, akiwaomba msaada. Katika Novemba mwaka huo Gwynfor Evans, kiongozi wa chama cha kutetea taifa la Wales, alikwenda kusema mbele ya baraza la mji wa Liverpool. Madiwani walimzomea na kugonga meza hata asisikike. Tarehe 21 Novemba watu wa kijiji, wazee kwa watoto, waliondoka kwao, wakatembea katika barabara za Liverpool wakiinua mabango. Waliomba jambo moja tu: nyumba zenu ni salama, ziacheni na zetu. Baadhi yao walisimulia baadaye kwamba watu waliwatemea mate. Siku ile Gwynfor Evans aliruhusiwa kusema, na baraza likamsikiliza. Lakini madiwani karibu wote walipiga kura ya kuendelea na kazi.

Kisha shauri likapelekwa katika Bunge huko London. Kwa kupitia Bunge, Liverpool haikuhitaji tena ruhusa ya mabaraza ya Wales. Mwaka 1957 sheria ilipita. Hakuna mbunge hata mmoja wa Wales aliyeipigia kura ya kuikubali, lakini wabunge wa Wales walikuwa wachache, na wengine walikuwa wengi. Hapo watu wa Wales walifahamu jambo ambalo hawakulifahamu vizuri zamani: kwamba taifa zima laweza kusema «hapana», na neno lake lisihesabiwe.

SIKU ZA MWISHO

Ujenzi ulichukua miaka kadhaa. Njia ya gari la moshi, iliyopita bondeni kutoka Bala kwenda Blaenau Ffestiniog, ilifungwa. Nyumba na mashamba kumi na mawili yalipotea, pamoja na shule, posta na kanisa. Katika watu 67 wa bonde, 48 walipoteza makao yao. Msomaji atasema: watu 48 ni wachache. Ndiyo, ni wachache. Lakini kijiji hakihesabiwi kwa vichwa tu. Ilikuwa jamii moja iliyohifadhi lugha yake bila kuchanganya, na jamii ya namna hiyo ikitawanyika, haikusanyiki tena. Wahenga walisema: maji yakimwagika hayazoleki.

Mwezi wa Julai 1963 shule ilifungwa. Tarehe 28 Septemba mwaka huohuo watu walikusanyika kwa ibada ya mwisho katika kanisa lao, pamoja na wengi waliotoka mbali. Kisha kanisa likabomolewa.

Palibaki jambo zito kuliko yote, nalo ni makaburi. Ni nani kati yetu asiyeheshimu mahali walipolala wazazi wake? Jamaa za marehemu waliulizwa. Wafu wanane walifukuliwa, wakazikwa mahali pengine. Wengine waliachwa walipolala. Mawe yenye majina yao yaliondolewa, na ardhi ya makaburi ikafunikwa kwa zege kabla ya maji kupanda.

Vijana wachache walijaribu kuzuia kazi kwa nguvu. Mwaka 1963 waliharibu mtambo wa umeme kwa baruti. Mtu hakuumia, nao walihukumiwa. Wazee wa kijiji walikuwa wamechagua njia nyingine: barua, maandamano na maneno ya haki. Njia hiyo haikuokoa nyumba zao, lakini hakuna awezaye kuwalaumu kwa neno walilosema au tendo walilotenda.

Tarehe 21 Oktoba 1965 wakubwa wa Liverpool walikuja kufungua bwawa kwa sherehe. Watu wengi wa Wales walikuwa wakiwangoja. Walipiga kelele, wengine walitupa mawe, na nyaya za vipaza sauti zikakatwa. Sherehe ilikwisha kwa dakika chache tu.

Basi ziwa likazaliwa, nalo linaitwa Llyn Celyn, maana llyn ni ziwa. Urefu wake ni karibu kilometa 4, na mahali pengine kina chake chapita meta 40. Maji yake hayaendi Liverpool kwa bomba moja kwa moja. Hufunguliwa kidogo kidogo, yakaingia mto Tryweryn, kisha mto mkubwa wa Dee, na karibu na mji wa Chester huvutwa kutoka mtoni, yakasafishwa. Hivyo mvua ya majira ya baridi huwekwa akiba kwa siku za ukame.

KUMBUKENI

Je, habari imekwisha hapo? Haikwisha. Wakati maji yalipokuwa bado hayajapanda, watu wenye busara walifanya haraka kukusanya kumbukumbu. Mpiga picha Geoff Charles alikwenda mara nyingi bondeni. Alipiga picha za watoto darasani, za wakulima kazini, za wanawake mlangoni pa nyumba zao. Picha hizo zimewekwa katika Maktaba ya Taifa ya Wales, mjini Aberystwyth, na kila mtu aweza kuzitazama. Mawe ya kijiji cha zamani yalitumiwa kujenga kanisa dogo la ukumbusho kando ya ziwa. Hapo ndipo yalipowekwa mawe ya makaburi yaliyoondolewa, hata mjukuu apate mahali pa kusimama na kusoma jina la babu yake.

Tena mwanzoni mwa miaka ya 1960, kijana mwandishi, Meic Stephens, alichora maneno mawili juu ya ukuta wa nyumba iliyobomoka kando ya barabara, karibu na kijiji cha Llanrhystud. Maana yake ni: Kumbukeni Tryweryn. Mvua ilifuta rangi, watu wakapaka tena. Mwaka 1969 na miaka iliyofuata walizaliwa wengi ambao hawakuliona bonde, lakini walijifunza jina lake kwa kupita mbele ya ukuta huo. Mwaka 2019 watu wasiojulikana waliuharibu na kuangusha sehemu yake. Wenyeji waliujenga upya upesi, na maneno yaleyale yakaandikwa juu ya kuta nyingi katika nchi nzima. Aliyetaka kuyafuta aliyaeneza.

Kumbukumbu hizo zilizaa matunda. Mwaka 1966 Gwynfor Evans, yule aliyezomewa Liverpool, alichaguliwa kuwa mbunge, wa kwanza wa chama chake. Mwaka 1967 ilitoka sheria ya kuipa lugha ya Kiwelisi heshima zaidi mahakamani na ofisini. Mwaka 1997 watu wa Wales walipiga kura kukubali kuwa na baraza lao wenyewe, nalo likaanza kazi mjini Cardiff mwaka 1999. Sababu za mambo hayo ni nyingi, lakini wengi katika nchi ile hutaja Tryweryn walipoulizwa mahali mioyo yao ilipoamka.

Na Liverpool? Katika Oktoba 2005, miaka arobaini baada ya bwawa kufunguliwa, baraza la mji huo liliomba radhi kwa maumivu yaliyowapata watu wa Capel Celyn. Wengine walisema radhi imechelewa mno, kwa kuwa wazee wengi walikuwa wamekwisha kufa. Wengine waliipokea. Sisi twasema: kuomba radhi hakurudishi nyumba, lakini kunarudisha ukweli, na ukweli ni haki ya wafu na ya walio hai.

Tazameni, ndugu, jinsi mambo yalivyogeuka. Bonde lilikuwa dogo, na watu wake hawakuwa na mali wala jeshi. Walishindwa katika kura, nyumba zao zikazama. Lakini walijua kusimulia. Walitaja jina la kila shamba, walitunza picha, waliwafundisha watoto. Waswahili husema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kijiji nacho ni mali, na daftari lake ni vichwa vya wazee wake.

Nanyi wanafunzi, mnaojua kuandika, msingoje maji yapande. Jumapili baada ya Misa, au jioni baada ya kazi, ketini karibu na babu na bibi zenu. Waulizeni: ni nani aliyefika kwanza mahali hapa? Kijito hiki kiliitwaje zamani? Ni nani aliyezikwa chini ya mti ule? Andikeni jibu, pamoja na jina la msemaji na tarehe. Na siku moja mtakapopewa ukubwa, mkawa na kazi ya kupanga barabara, kiwanda au bwawa kwa faida ya wengi, mkumbuke Tryweryn: kwanza mwende kwa wenyeji, mpige hodi, mkawaulize.